Je, Cha Kwetu Tukakisome kwa Watu?

Ndugu msomaji, swali hili mimi sikulitafuta. Lilinikuta nimekaa juu ya gogo chini ya mkorosho wa marehemu mama, kijijini kwetu, uwanda wa juu wa Newala, mwezi wa sita, wakati kila mtu anahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho. Mjomba alikuwa ameitisha kikao. Kwetu sisi Wamakonde mjomba akiita, unakwenda, hata kama una homa.

Mjomba akaanza: "Nimeambiwa huyu binti anataka kwenda Ulaya kusoma picha. Hivi picha zinasomwa? Mimi nilidhani picha zinatazamwa."

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Yeye ni mwanafunzi wa sanaa katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, mwaka wa pili, na alikuwa amesafiri usiku na mchana kuja kutuomba ruhusa. Chuo chake kina mapatano na chuo cha Ujerumani: mwanafunzi anakwenda kusoma muhula mmoja, anarudi kumalizia hapa. Mji wenyewe unaitwa Leipzig. Somo lenyewe ni historia ya sanaa.

Ruhusa peke yake ingekuwa rahisi. Kilichotukalisha pale ni pesa. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada kubwa, hilo ni kweli. Lakini anayekwenda lazima aonyeshe kwamba hatalala njaa. Wajerumani wana utaratibu wa akaunti ya kufungiwa. Pesa ni yako, umeiweka mwenyewe, ila huruhusiwi kuichukua yote. Unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilipopandishwa Septemba 2024 kilifika euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Mkulima wa korosho akisikia hesabu hiyo anaomba maji ya kunywa. Ufadhili alioupata mdogo wangu ulibeba sehemu kubwa. Kilichobaki ni tikiti ya ndege, bima, viza, na kipande cha kujazia ile akaunti.

Sasa basi, mama alituachia mikorosho 80. Arobaini yangu, arobaini yake. Mtu mmoja wa mjini alikuwa tayari kutoa fedha taslimu, lakini kwa sharti moja: aichukue yote 80 rehani, misimu miwili. Avune yeye, auze yeye. Nusu hataki. Kwa hiyo saini yangu ilitakiwa.

Na mimi, msomaji, mikorosho yangu arobaini nilikuwa nimeshaipangia kazi. Nina riwaya. Imejaa madaftari manne, nimeiandika kwa mkono miaka mitatu, tangu nimalize kidato cha nne nikakosa nafasi ya kuendelea. Mavuno ya msimu huu yalikuwa yaichape. Hakuna mtu pale kikaoni aliyejua hilo isipokuwa mdogo wangu.

Ndiyo maana nasema swali lilinikuta. Nitajaribu kulifikiri mbele yako kwa haki, ingawa mimi ni hakimu mwenye mbuzi wake katika kesi.

Swali la kwanza lilikuwa la mjomba. Angekuwa anakwenda kusoma udaktari, alisema, tungeuza hata mabati. Lakini sanaa? Wengi wanafikiri hivyo, na si wajinga. Zahanati yetu ina foleni. Haina mtu anayelalamika kwamba imepungukiwa picha. Ila mjomba alisahau jambo moja, na nilimkumbusha kwa adabu: nyumba yetu ilijengwa kwa mpingo. Babu alichonga. Alichonga huku kijijini, kisha akaenda kuchonga Mwenge, Dar es Salaam, pamoja na Wamakonde wenzake, na kila bati tunalotaka kuuza lilinunuliwa na kinyago. Jembe lililotulisha huwezi kuliita mchezo.

Hapo mjomba akanibana vizuri: "Haya. Babu yako alikwenda Ulaya kujifunza kuchonga?"

Hakwenda. Wala Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, hakwenda. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya mbao za kisasa za ujenzi, akauzia picha zake Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Alichora miaka minne tu, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Kama sanaa ingekuwa inakaa Ulaya, Tingatinga angeipata wapi?

Kwa hiyo nakubaliana na mjomba kwamba mkono haujifunzi Ulaya. Lakini mdogo wangu haendi kujifunza mkono. Anakwenda kwa sababu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nisilale siku tatu.

Mwaka 1906 alifika huku kwetu Mjerumani mmoja, jina lake Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alishukia Lindi, akapita Masasi, akapanda uwanda huu mpaka Newala. Alikuwa na askari na wapagazi. Alinunua na kukusanya vitu: vinyago vya kuvaa usoni, vyombo, ngoma. Alinasa nyimbo kwa mashine. Na alifanya jambo ambalo wengi hawalijui. Aliwapa wapagazi wake na watu wa vijijini karatasi na kalamu ya risasi, akawaambia wachore. Michoro ile aliichapa katika kitabu chake cha mwaka 1908. Mmoja wa wachoraji ni mnyampara wa wapagazi wake, Mnyamwezi aliyeitwa Pesa Mbili.

Mdogo wangu alikikuta kitabu hicho maktaba, akapiga nakala ya kurasa za michoro, akaja nazo kijijini ndani ya bahasha ya kaki. Aliniambia: "Kaka, tazama. Huu ni mwaka 1906. Miaka sitini na miwili kabla ya Tingatinga. Na mimi mwalimu wangu alinifundisha kwamba uchoraji wa karatasi ulianzia shuleni."

Nilitazama. Watu, wanyama, mistari michache tu, kama ya mtoto na kama ya mtu mzima kwa pamoja. Nikahisi kitu kooni. Watu hawa walitembea njia tunayopita kwenda mnadani.

Sasa fikiri nami. Weule alilipa vitu vingi kwa fedha. Hakupora kila alichokiona, na ni haki kusema hivyo. Lakini alilipa lini? Vita vya Majimaji vilianza 1905 na vikaenda mpaka 1907. Misheni ya Masasi ilichomwa 1905. Baada ya vita ikaja njaa kubwa kusini nzima. Mtu mwenye askari anakuja kwako mwaka kama huo, anakuonyesha sarafu, anataka kinyago cha ukoo. Utasema hapana?

Sisi wa kusini jambo hili tuna jina lake. Tunaliita kangomba. Mnunuzi anakuja korosho zikiwa bado juu ya mti, wakati mkulima ana mgonjwa au hana unga, anapima kwa bakuli lake mwenyewe, analipa anavyotaka. Serikali imekataza kangomba, na sababu ya kukataza ni nzuri: mwenye njaa akisema "nimekubali", neno hilo halijakamilika. Fedha imepita mkononi, ndiyo, lakini uhuru haukuwepo. Basi mimi nasema ile biashara ya mwaka 1906 ilikuwa kangomba ya vinyago.

Ukishakubali hivyo, angalia tulipofika. Mdogo wangu anataka kwenda kutazama vitu vilivyonunuliwa kwa kangomba, na ili afike inabidi tuweke rehani mikorosho kwa mtu ambaye naye ni ndugu yake kangomba. Tunalipa mara mbili. Babu zetu walilipa kwa kuvitoa, sisi tunalipa kwa kuviona. Hii ni haki ya wapi?

Nilisema maneno haya kikaoni, kwa sauti, na nakiri nilifurahi nilipoona watu wanatikisa vichwa. Nilidhani nimeshinda. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa mambo ya Majimaji. "Basi," nikasema, "aliyeomba msamaha na atume vinyago. Kwa nini tumfuate?"

Mdogo wangu akajibu kwa upole: "Atume vipi, kaka? Tutamwandikia tunataka nini? Kinyago kipi, cha kijiji gani, kina alama gani ya chale, kilichezwa ngoma gani? Nani hapa ana orodha?"

Kimya. Hakuna mwenye orodha. Orodha iko kwenye vitabu vya makumbusho, kwa Kijerumani. Mtu ambaye hajui alichopoteza hawezi hata kudai. Mwenye ng'ombe aliyeibiwa akienda polisi anaulizwa rangi, pembe, na alama. Akisema "ng'ombe tu", atarudi na kamba mkononi. Kwa hiyo safari ile haikuwa ya kwenda kushangaa, kama nilivyoipaka mimi. Ilikuwa ya kwenda kujua rangi ya ng'ombe.

Hapo bibi, ambaye alikuwa amekaa pembeni anapepeta choroko, akauliza kitu nilichokuwa nakiogopa: "Na vinyago vyenyewe ni vya midimu?"

Msomaji wa mbali, nikueleze kidogo. Midimu ni ngoma ya watu waliovaa vinyago, inatoka wakati wa jando na unyago. Ng'ambo ya Ruvuma wana mapiko, ni jamaa yake. Siku hizi inachezwa hadharani, hata mbele ya wageni rasmi. Zamani haikuwa hivyo. Mwanamke hakutakiwa kujua kuwa ndani ya kinyago kuna mtu. Aliambiwa ni mzimu. Sasa binti yetu anakwenda Leipzig kukitazama kinyago uso kwa uso, kimevuliwa, hakina mtu, kiko kwenye kioo au kwenye sanduku la stoo. Je, mwanamke ana haki hiyo? Na kama hana kwa mila yetu, mbona kila mwanamke wa Leipzig mwenye tikiti anayo?

Wazee wakakohoa. Bibi akasema: "Mimi midimu ilinikimbiza nikiwa mwali. Nilijua ni nani. Nilimjua kwa miguu. Sote tulijua. Tulinyamaza."

Nimeyafikiri maneno hayo kuliko kitabu chochote nilichosoma. Tunadhani siri ya midimu ilikuwa ndani ya mti uliochongwa. Kumbe ilikuwa katikati ya watu. Wanaume walificha, wanawake walijua wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikoifanya ngoma iwe ngoma. Ilikuwa heshima iliyotolewa na pande mbili. Ukikichukua kinyago ukakipeleka mbali, unachukua mti. Ile heshima hubebi. Kwa hiyo mdogo wangu hatakwenda kuvunja siri. Siri haiko Leipzig. Tena huenda yeye ndiye mtu pekee atakayesimama mbele ya kioo kile akijua kwamba mbele yake kuna kitu cha kunyamaziwa. Mimi hilo naliona ni elimu.

Sasa nije kwenye hofu nyingine, ile ambayo kila familia inayo: akienda, atarudi yule yule? Wahenga wamesema tembea uone. Wahenga hao hao wamesema mwacha asili ni mtumwa. Tushike lipi?

Nimeangalia maisha ya waliotangulia. Sam Ntiro, mchoraji kutoka mlimani Kilimanjaro, alisoma Makerere, kisha miaka ya 1950 akaenda Slade, shule ya sanaa ya London. Aliporudi aliendelea kuchora nini? Migomba, pombe ya ndizi, watu wa kijijini kwao wanafanya kazi. London haikumnyang'anya mgomba hata mmoja. Halafu yupo Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza 1971 kusoma sanaa. Akiwa huko akapenda ufinyanzi, na hiyo safari ya ufinyanzi ikamrudisha Afrika: mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alikofanya kazi Ladi Kwali, akajifunza kujenga chungu kwa mkono kama wanavyofanya akina mama. Leo vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Alizunguka kilomita elfu kadhaa ili ajifunze kazi ambayo mama wa Kiafrika anaifanya nyuma ya nyumba.

Kuna atakayecheka: si angebaki tu? Mimi nilicheka pia mwanzoni. Lakini nikajiuliza, mimi mwenyewe nimepita mara ngapi mbele ya mama wanaofinyanga nisione kitu? Kilicho karibu na jicho hakionekani. Kope yako huioni. Mwingine lazima aende mbali kidogo ndipo akione cha nyumbani. Hiyo si aibu ya cha nyumbani. Ni udhaifu wa macho yetu.

Ila nisikudanganye kwamba wote wanarudi. Wapo waliokwenda wakapotea, na familia zao bado zinalipa madeni. Na kuna hatari nyingine ambayo mdogo wangu mwenyewe aliisema bila kuulizwa. Desemba 1943, wakati wa Vita vya Pili, mabomu yaliangukia jengo la makumbusho ya Leipzig, la Grassi, na vitu vingi sana viliteketea. "Naweza kufika," alisema, "nikaambiwa kinyago ninachokitafuta ni jivu."

Mjomba akaruka: "Na asipokikuta? Tumeweka mikorosho 80 rehani kwa ajili ya jivu?"

Mdogo wangu akasema: "Nikijua ni jivu, mjomba, nitakuja kuwaambia ni jivu. Sasa hivi hatujui hata hilo."

Nilimpenda mdogo wangu sana dakika ile. Lakini sikutia saini. Nilitoa sharti. Nilisema: nitakubali, ila anapokuwa huko kila kitu cha kwetu atakachokiona akipime, akichore, aandike kilitoka wapi, na akirudi atusomee hapa hapa chini ya mkorosho, kwa Kiswahili, wazee wasikie. Nilidhani ni sharti zuri. Wazee walilipigia makofi.

Usiku, tukiwa tunaota moto, mdogo wangu akaniambia: "Kaka, hayo yote nilikuwa nitayafanya. Lakini nataka kukuuliza. Nikiugua nisiweze, au wakinikatalia stoo, mikorosho yako utakuwa umeniibia au umenipa?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulala nikiwa na hasira, na hasira ikaniambia ukweli wangu. Sharti langu halikuwa kwa ajili ya wazee. Nilitaka arudi na mzigo mkubwa kiasi cha kunilipa riwaya yangu. Nilitaka nikimtazama niseme: nilitoa madaftari manne, nikapata hiki. Hiyo si zawadi, ni mkopo uliovaa kanzu. Tena ni kangomba: nimemkuta mwenye shida, nikapima kwa bakuli langu.

Vilevile nilijiuliza: angekuwa ni mimi ninayekwenda, kijana wa kiume, ningekubali mtu anipe orodha ya kazi kabla hajatoa baraka? Ningesema ananidharau.

Hapa ndipo nilipofika, na nakuwekea wazi uhukumu. Anayekwenda kusoma kwa jasho la wengine ana deni, ndiyo, lakini deni lile anatakiwa alibebe mwenyewe moyoni. Sisi tuliotoa hatuna ruhusa ya kulishika kama kamba ya mbuzi. Tukilishika, tunamfanya mtumwa wa hisani. Tusipolishika, tunaweza kupoteza vyote. Sijaona njia ya tatu. Kutoa kwa kweli ni kukubali kwamba unaweza kupoteza.

Na kwa wewe unayepanga safari ya namna hii, jiulize swali kabla ya kuchagua mji: ninakwenda kutafuta nini ambacho hakipo hapa? Kama jibu ni "Ulaya", kaa kwanza. Kama jibu ni kitu chenye jina, andika barua mapema, kwa sababu makumbusho huonyesha sehemu ndogo tu ya vitu vyao, na vingine viko stoo vinavyofunguliwa kwa ahadi. Kabla ya kwenda, kaa na bibi yako. Mdogo wangu alikaa naye wiki nzima, akaandika kila alichokumbuka kuhusu midimu. Mzigo huo utakuwa mzito kuliko sanduku lake, na hauna bei ya ndege.

Asubuhi nilimkuta mjomba anapiga mswaki. Nikamwambia naondoa sharti. Akatema, akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa na akili jana." Kisha akanipa kalamu.

Nimetia saini. Mikorosho 80, misimu miwili. Riwaya yangu bado iko kwenye madaftari manne, chini ya kitanda, nimeyafunga nailoni panya wasiyafikie. Mwezi wa kumi korosho zitakapoanza kudondoka nitapita pale nitaona mtu mwingine anaokota, na sijui moyo wangu utasemaje siku hiyo. Sitajifanya malaika.

Lakini jana bibi aliniita akaniuliza kama huko Ulaya mtoto atakutana na miguu ya midimu. Nikamwambia hapana bibi, ni nyuso tu, miguu ilibaki huku. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi atawaambia."